Baba ameacha kutembea tangu tumhamishie nyumba mpya. Ni uvivu?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Tabora. Baba yangu ana miaka 71, ni mstaafu wa reli. Miaka yote tuliishi Gongoni, na huko alikuwa hatulii nyumbani. Msikiti ulikuwa kama mita 300 na sala zote tano alikuwa anaswali huko. Jioni alikuwa anapitia kijiwe cha kahawa, anacheza bao mpaka magharibi. Mwaka juzi sisi watoto tulichangishana tukamjengea nyumba nzuri kwenye viwanja vipya nje ya mji, yenye maji ndani, ukuta na geti. Tangu tuhamie anashinda kwenye kochi mbele ya runinga. Amenenepa, presha imepanda, analalamika goti. Msikiti uko mbali, anapelekwa Ijumaa tu kwa bodaboda. Tumemnunulia baiskeli ya mazoezi ya ndani, kaipanda siku chache kaiacha. Mama ana miaka 66, yeye yuko vilevile, ana kuku wake, mchicha wake, kikoba Jumamosi, na kila msiba yupo. Ndugu zangu wanasema baba amekuwa mvivu, uzee umeingia. Je, ni kweli? Tumfanyeje atembee?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Baba yako si mvivu, na ningependa ndugu zako waache kumwambia hivyo, kwa sababu mzee akiambiwa hivyo mara nyingi anaanza kuamini.

Tupige hesabu. Mita 300 kwenda, 300 kurudi, mara tano kwa siku: hizo ni kilomita 3. Kwa mwendo wa mtu wa umri wake ni kama saa nzima ya kutembea, kila siku, kabla hujaweka kijiwe cha kahawa. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu wa miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli inayomwongezea pumzi kidogo, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuulinda mwili usianguke walau siku 3 kwa wiki. Baba yako alikuwa anafikisha dakika 150 kabla wiki haijafika nusu. Na hakuna hata siku moja aliyosema anafanya mazoezi. Alikuwa anakwenda kuswali.

Kwa kumhamisha mlimwondolea kilomita 3 za kila siku bila kujua. Sisemi hivi kuwalaumu. Mlimjengea nyumba kwa mapenzi na wazazi wengi wangeomba watoto kama ninyi. Lakini nyumba ilichorwa, mtaa haukuchorwa, na mzee anaishi kwenye vyote viwili.

Jibu la swali lako liko kwenye ile sentensi uliyoandika kwa kupita, kwamba mama yuko vilevile. Nyumba ni ileile, ukuta ni uleule, na tofauti ya umri wao ni miaka mitano. Tazama vitu vinavyomwamsha mama: kuku wanataka pumba, mchicha unataka maji, kikoba kina siku yake, na msiba ukitokea lazima aende. Mambo ya mama yalihamishika pamoja na vyombo. Ya baba yalibaki Gongoni, maana msikiti hauhamishiki, na wazee aliocheza nao bao miaka ishirini hawakupakiwa kwenye gari. Ukimwambia sasa "baba, nenda ukatembee", anajiuliza aende wapi. Atoke getini, afike kona, ageuke arudi? Mtu mzima hafanyi hivyo mbele ya majirani asiowajua.

Yaliyoonekana kwa baba yako yameonekana pia kwenye utafiti. Kule Perth, Australia, watafiti waliwafuatilia watu wazima waliokuwa wanahamia mitaa mipya, wakalinganisha walivyotembea kabla na baada ya kuhama. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, kila aina moja ya mahali pa kwendea iliyoongezeka karibu na nyumba, kama duka au kituo cha basi, iliambatana na nyongeza ya kama dakika 6 za kutembea kwa wiki. Mahali pa mapumziko, kama bustani au ufukwe, paliongeza zaidi ya dakika 17. Dakika 6 zinaonekana chache, lakini hiyo ni kwa kila aina moja. Mtaa wenye duka, genge, msikiti, kinyozi na kijiwe unazijumlisha zote. Tokyo nako, utafiti wa mwaka 2002 uliowahusu wazee zaidi ya 3,100 uligundua kwamba wale waliokuwa na njia zenye miti na bustani za kutembelea karibu na nyumbani walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai baada ya miaka 5, hata umri na hali zao za maisha zilipozingatiwa.

Tafiti hizi nazitumia kwa tahadhari. Nyingi zimefanyika kwenye miji yenye njia za miguu zilizosakafiwa, na watu wanaopenda kutembea huenda ndio wanaochagua mitaa inayotembeleka, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kilianza. Kwa baba yako hoja hiyo haina nguvu. Yeye hakuchagua mtaa. Alibadilishiwa, mwendo wake ukakatika.

Kabla hujagusa mtaa, mpeleke akapimwe, maana mwili nao una neno lake. Goti linalouma baada ya kutembea kidogo linaweza kuwa limesagika, na goti la namna hiyo linaumia zaidi linapokaa bila kazi, kwa sababu misuli ya paja inayolishika inalegea. Misuli ya mzee inapotea haraka kuliko watu wanavyodhani: kuna utafiti wa mwaka 2007 ambapo wazee wenye afya nzuri walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Apimwe macho pia, kwa sababu mwenye mtoto wa jicho haoni kina cha shimo. Na muulize, au mtume kaka yako amuulize faraghani, kama anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Wanaume wengi wa umri wake wana tezi dume iliyotanuka, na baadhi ya dawa za presha nazo zinakojoza. Mzee mwenye shida hiyo hapimi safari kwa kilomita. Anaipima kwa kuangalia choo kimoja kipo wapi na kingine kipo wapi. Hatakwambia. Atasema goti. Gongoni alikuwa na vyoo vya msikitini na vya nyumba za wenzake njia nzima. Kwenye barabara yenu mpya kuna kuta na mageti tu. Dawa asiache hata siku moja, ila daktari anaweza kumpangia saa nyingine ya kuinywa.

Sasa njia yenyewe. Ombi langu ni dogo: siku moja mfuate baba nyuma, polepole, kutoka getini mpaka duka la karibu, bila kumsaidia. Mwangalie anapofika kwenye mtaro uliowekewa ubao mmoja. Atasimama. Atatazama chini, halafu atatafuta kwa mkono kitu cha kushika, na hakipo. Atageuka ubavu, atatanguliza mguu wenye goti zima, ubao utacheza kidogo, na ataganda hapo uzito wote ukiwa kwenye mguu mmoja. Wewe uliuvuka ubao huo asubuhi ukiwa unaongea na simu. Akishafanya hivyo mara mbili tatu, safari inayofuata anamtuma mtoto dukani. Familia inasema baba siku hizi hapendi kutoka, na mtaro hautajwi.

Kuvuka barabara kuna hesabu yake, nayo ni ya kutisha. Wahandisi wengi duniani hupanga taa za vivuko wakidhani mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Uingereza walipowapima wazee wa miaka 65 na zaidi, matokeo yakatoka mwaka 2012, wanaume 76 katika kila 100 na wanawake 85 katika kila 100 walikuwa polepole kuliko hapo. Wastani wa wanawake ulikuwa mita 0.8 kwa sekunde. Chukua barabara ya lami yenye upana wa mita 7. Kwa mwendo huo mzee anahitaji karibu sekunde 9 kuivuka. Bodaboda inayokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwenye makazi, ndani ya sekunde hizo inakata karibu mita 120. Maana yake, ili avuke salama, barabara iwe tupu mita 120 kila upande na macho yake yaweze kuona mpaka huko. Nani ana uhakika huo kwenye barabara ya mjini jioni? Ndiyo maana namtetea mzee anayekataa kuvuka. Anajua mwendo wake kuliko sisi. Mara nyingi tuta moja mahali sahihi linamtoa mzee nje kuliko mawaidha ya mwaka mzima.

Kuhusu jua, Tabora ina bahati na ina mtihani. Mji ni tambarare, na hilo ni neema kwa goti. Wenzetu wa Kigoma wanaopanda kutoka Kibirizi kwenda Mwanga wanajua ninachosema, na kuteremka ndiko kunakolichosha goti zaidi kuliko kupanda. Mji wetu wa zamani pia una miembe mikubwa iliyopandwa na waliotutangulia, na mzee anayetembea chini ya kivuli chake hahitaji kuangalia saa. Viwanja vipya vimeng'olewa miti yote ili mipaka ionekane. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni pale nje si mahali pa mzee wa miaka 71 anayekunywa dawa za presha, kwa sababu mwili wa umri huo unahimili joto vibaya na kiu yake inachelewa kumshtua.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulidharau kuliko yote: mahali pa kukaa. Wizara ya Usafiri ya Uingereza ina mwongozo unaosema viti kwenye njia zinazotumika sana na watu wa miguu visiachane zaidi ya mita 50. Sababu ni ya kimwili kabisa. Goti lililosagika au miguu yenye mishipa iliyobana inauma baada ya umbali fulani, ikipumzishwa dakika mbili inakubali tena. Mzee mwenye uwezo wa mita 100 akipata kiti katikati anakwenda mita 200, akipata viwili anakwenda 300, na mita 300 ndizo zilizokuwa zinamfikisha msikitini. Nyumba za zamani za Gongoni, Ng'ambo na Isevya, na za Ujiji pia, zilijengwa na kibaraza mbele kinachotazama barabara. Mwenye nyumba alikaa hapo, na mpita njia aliyechoka alikaribishwa hapo. Mji mzima ulikuwa na viti bila halmashauri kununua hata kimoja. Tulipohamia kwenye kuta na mageti tuliviondoa vyote kwa mkupuo, na naona hili ndilo kosa kubwa tulilolifanya kwenye ujenzi wetu wa siku hizi kwa upande wa wazee.

Kwa hiyo ningekushauri mwanzie hapo, nje ya geti lenu wenyewe. Jengeni kibaraza kwenye ukuta wa nje, ndani ya mpaka wa kiwanja chenu ili msiingie hifadhi ya barabara. Kimo chake kiwe sentimita 45 hadi 50, kwa sababu kiti kifupi mzee anakaa halafu hainuki. Wekeni kitu cha kushika upande mmoja, hata bomba la chuma lililopigwa rangi. Juu wekeni bati au turubai kwa sasa, pembeni mpande mwarobaini, ambao unakua haraka, na mwembe kwa ajili ya baadaye. Mleteeni ubao wa bao. Kwenye viwanja hivyo baba si mstaafu peke yake. Wapo wengine wamekaa nyuma ya kuta zao wakitazama runinga ileile, na hakuna anayejua mwenzake yupo. Mama, mwenye kwenda misiba yote, anawajua wake zao. Muulizeni majina.

Wakati kibaraza kinajengwa, mrudisheni Gongoni. Siku tatu kwa wiki mpeni nauli ya bajaji ashuke saa moja kabla ya adhuhuri. Asishushwe mlangoni pa msikiti. Ashuke umbali anaoumudu bila maumivu kuzidi, kama mita 150 kwa kuanzia, kisha muongeze kidogo kila baada ya wiki mbili. Aswali, akae na wenzake, alasiri imkute hukohuko, arudi. Najua gharama ya usafiri inauma, lakini linganisha na dawa. Nyumbani mpeni shughuli inayomtoa nje na yenye mtu anayemsubiri mwisho wa safari. Kama kuna mjukuu anayesoma jirani, babu ndiye amsindikize asubuhi kabla jua halijawaka. Mjukuu ataamka na kumgongea. Mkate wa asubuhi anunue yeye. Msimpe kazi ya kubuni ya kumchosha tu, atagundua siku ya kwanza.

Viatu: avue kandambili kwa safari za nje. Zinamlazimisha kuburuza miguu na kubana vidole, na ndivyo watu wanavyojikwaa. Anunuliwe raba nyepesi zenye soli isiyoteleza na zinazovalika bila kuinama.

Kwa upande wa mtaa, msikae mkilalamika vibarazani. Nenda ofisi ya mipangomiji ya manispaa uombe kuona mchoro wa eneo lenu. Viwanja vilivyopimwa huwa na mchoro, na mara nyingi ndani yake kuna maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya huduma za jamii, biashara ndogo na eneo la wazi. Tafuteni yako wapi hasa, mkayaone kwa macho, kwa sababu eneo la wazi lisilo na mtu wa kulitetea huamka siku moja lina msingi wa nyumba ya mtu. Kama Waislamu wa mtaa wanataka msikiti mdogo, eneo halali la kuuombea litaonekana kwenye mchoro huohuo. Kwenye maeneo yanayorasimishwa, yaani yaliyojengwa kabla ya kupimwa, nafasi ni kubwa zaidi, kwa kuwa wananchi wenyewe hukaa kukubaliana njia zipite wapi. Hapo ndipo mtu anapaswa kusimama aseme njia ya kwenda dukani isizunguke, na nafasi ya kivuli iachwe.

Mitaro, mifuniko yake na matuta ya barabara za mtaa ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ombi linapita kwa mtendaji wa mtaa na diwani. Msiandike "tunaomba barabara iboreshwe". Andikeni mtaro upi, mbele ya nyumba ipi, unahitaji mfuniko wa zege wa upana gani, na wazee wangapi wanapita hapo. Ombi dogo linalopimika hupata fedha mapema kuliko ombi kubwa. Lipelekeni kupitia baraza la wazee la kata yenu. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60, na mabaraza yapo ili sauti ya wazee ifike kwenye mipango. Naona mengi yanaitwa kwenye sherehe zaidi kuliko kwenye vikao vya bajeti. Baba yako, mtu wa reli anayejua maana ya ratiba na njia iliyonyooka, angefaa sana humo, na kikao nacho ni safari.

Baiskeli msiiuze. Kwa goti lililosagika ni zoezi zuri, kwa sababu haliubebi uzito wa mwili. Itoeni chumbani muiweke varandani mahali anapoona watu wakipita, geti likiwa wazi. Kiti kiwekwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa goti linabaki limekunjika kidogo tu. Dakika 10 asubuhi zinatosha kuanza. Ila haitamfundisha mwili kujimudu ukiyumba, hilo linatokana na kusimama na kutembea.

Mfanyieni na kipimo kimoja nyumbani. Mkalishe kwenye kiti kigumu kisicho na mikono kilichoegemezwa ukutani, mikono aikunje kifuani, ahesabiwe anasimama wima na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30, wewe ukiwa pembeni tayari kumdaka. Mwanaume wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 12 miguu imeshapungukiwa nguvu na yuko kwenye hatari ya kuanguka, basi aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia kabla hajaongezewa umbali. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata hata akiwa anakwenda polepole, safari zisimame na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Niandikie tena namba mliyopata, pamoja na majina ya dawa anazokunywa na saa anazozinywa.